Zana za kutangazia biashara mtandaoni, Unguja na Pemba: uanze na ipi, ulipie ipi, uache ipi

Kila Shaabani inapoingia simu yangu haitulii. Wenye maduka ya Darajani na Mlandege wameshashusha mzigo wa Sikukuu, mabuibui na kanzu zimejaa hadi mlangoni, na swali ni lile lile: "Tununue programu gani ya kutangazia?" Wenye nyumba za wageni wa Paje na Jambiani huja na swali hilo wakati wa masika, mvua inanyesha na vyumba vitupu. Jibu langu huwakera wote. Zana nyingi unazozihitaji kweli ni za bure. Fedha zako zitie kwenye tangazo lenyewe, picha nzuri na bando. Hapa nimezipanga kama ambavyo ningezichukua mimi lau ningeanza upya leo na laki tatu mfukoni.

1. WhatsApp Business

Bure, na kwa duka la hapa haina mpinzani. Mteja wetu hanunui kwa kubonyeza kitufe. Anauliza "mwisho bei gani?", anaomba picha nyengine ya mkono wa buibui, anataka kujua kama mnaleta mpaka Fuoni, kisha anasema "inshaallah jioni". Mazungumzo hayo ndiyo mauzo, kwa hivyo zana ya kwanza ni ile inayoyabeba.

Katalogi ijaze kabla ya kitu chengine chochote: picha, bei, saizi. Bei iandike, jamani. Kumwambia mtu "njoo faragha" kunamfukuza. Kisha tumia lebo, zile alama za kubandika kwenye mazungumzo ya kila mteja. Mimi ninazo tatu tu: kalipa, kaahidi, mzigo uko njiani. Ile ya "kaahidi" ndiyo inayofuatwa usiku baada ya tarawehe.

Orodha ya kutumia ujumbe kwa pamoja inachukua watu 256, na anayeupata ni yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Wengi hawalijui hilo, wanadhani wateja wamewanunia. Mwombe mteja aihifadhi namba pale pale anapolipa. Na laini ya duka iwe mpya, isajiliwe kwa jina la mwenye duka, si la kijana anayeuza.

Kuna ile huduma kubwa ya WhatsApp ya kuunganishwa na mifumo, ambayo tangu Julai 2025 Meta, kampuni yenye WhatsApp, Facebook na Instagram, huitoza kwa ujumbe. Utakapokuwa na watu watatu wanaojibu meseji kutwa nzima na bado hawawahi, ndipo uiulizie.

2. Wasifu wa biashara kwenye Google

Kama unauza chumba, chakula, safari ya viungo au kwenda na boti kuangalia pomboo Kizimkazi, hii ipande iwe namba moja. Mgeni aliyeteremka Forodhani hajui jina lako. Anafungua ramani na kutafuta pa kula karibu naye.

Ni bure. Kinachowashinda watu ni uthibitisho. Mara nyingi Google hutaka video moja isiyokatwa: mtaa, kibao chenye jina, halafu wewe ukifungua mlango kwa ufunguo wako au ukionesha kitu ambacho mwenye mali tu ndiye angekifikia. Ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe ramani hupotea hata kwa wenyeji, kwa hivyo pini iweke mwenyewe kwa mkono, usiiachie mashine. Biashara isiyo na kibao, ichonge kibao kwanza.

Maoni ya wageni yajibu yote, hasa yale machungu, na uyajibu ukiwa umeshakunywa chai. Jambo jengine: zile tovuti ndogo za bure zilizokuwa zikitengenezwa humo humo Google walizizima Machi 2024. Kama kadi zako bado zina anwani hiyo, zichape upya.

3. Matangazo ya kulipia ya Facebook na Instagram

Hapa ndipo fedha inapotoka, na ndipo inapopotea. Usiridhike na kile kitufe cha kukuza posti. Ingia kwenye Ads Manager, ukurasa wa Meta wa kusimamia matangazo, uchague lengo la kuletewa meseji, na tangazo limpeleke mtu moja kwa moja WhatsApp. Kupendwa na watu elfu hakulipi kodi ya duka.

Kisha angalia ramani. Meta hukuruhusu kuchora duara la hadi kilomita 80, na wengi huliacha kubwa wakidhani wamefanya vyema. Chora duara hilo kutoka Mji Mkongwe uone: Bagamoyo imo, Dar es Salaam imo. Lichore kutoka Chake Chake, Tanga mjini imo. Huku wewe unauza urojo! Kwa Unguja nzima, weka pini katikati ya kisiwa, upande wa Dunga, duara la kilomita 50: Nungwi utaipata, Makunduchi utaipata, na ng'ambo ya bahari utaiacha salama. Kama unatuma mzigo kwa meli, hapo sawa, Dar iingize, lakini kwa tangazo lake lenyewe, ili ujue nani kaleta nini.

Malipo: kadi ya Visa au Mastercard iliyofunguliwa kwa malipo ya mtandaoni. Kadi ya benki ikigoma, uliza tawini kama imefunguliwa. Mara nyingi haijafunguliwa. Baadhi ya mitandao ya simu pia hutoa kadi ya mtandaoni unayoijaza kwa fedha za simu, na mimi naipenda zaidi kwa sababu ikiisha imeisha, haiburuzi akiba ya nyumba. Mwenye iPhone asilipie akiwa ndani ya programu ya Facebook au Instagram, maana Apple huongeza ada ya asilimia 30 juu yake. Fungua kwa kivinjari, ulipie huko.

Anza na kiasi kidogo kwa siku tano, picha mbili tofauti, ile ile bei. Inayoleta meseji iongezee, nyengine izime. Na tangazo la Sikukuu lianze kumi la kwanza la Ramadhani. Kumi la mwisho kila mtu anatangaza, na mafundi cherehani wameshakataa kazi.

4. SMS za jumla

Watu wa mjini hunicheka nikiitaja. Waende Konde au Micheweni wakacheke. Bando la mteja likiisha, WhatsApp imelala. SMS inafika, hata kwenye kisimu cha tochi. Msimu ZSTC, shirika la biashara la serikali, linaponunua karafuu, mfuko wa Pemba huwa mzito, na muuza mabati au magodoro mwenye namba mia tano za wateja wake hana tangazo bora kuliko hilo.

Kampuni itakayokutumia SMS hizo iulize bei ya ujumbe mmoja ikiwa pamoja na kodi, na uliza kama jina lako litaonekana badala ya namba; jina lina nafasi ya herufi 11 tu. Ujumbe mmoja ni herufi 160. Ukitia emoji moja zinabaki 70, na bili inapanda. Hata ile alama ya juu iliyopinda kwenye neno kama "Ng'ambo", simu ikiiandika kwa mapambo, inakufanyia hivyo hivyo. Na tumia namba za wateja wako tu. Anayekuuzia orodha ya namba za watu, mwambie hapana.

5. Canva na CapCut

Canva ya kutengenezea picha za tangazo, CapCut ya kukatia video. Toleo la bure linatosha. Muziki tu uangalie: nyimbo za taarabu unazozisikia kwa wengine si lazima akaunti ya biashara iruhusiwe kuzitumia, na video hunyamazishwa katikati ya kampeni.

6. Barua pepe

Kwa muuza nguo, ruka. Kwa nyumba ya wageni, mgeni wa Italia au Ujerumani aliyelala kwako Agosti ni mteja wa Agosti ijayo, na barua pepe anaisoma. Brevo, huduma ya kutumia barua pepe kwa wengi, hutoa barua 300 kwa siku bila malipo, na nyumba ya vyumba kumi haizimalizi.

7. Za kupanga posti na kupima

Meta Business Suite hupanga posti za Facebook na Instagram bure. Ukiwa na TikTok pia, Buffer ya bure inachukua akaunti tatu. Google Analytics, inayohesabu wanaotembelea tovuti, iweke kama unayo tovuti. Huna? Daftari, na swali moja kwa kila mteja: "Umetupata wapi?" Nimeona daftari la aina hiyo Wete likimshinda mtu aliyelipia mfumo wa dola kila mwezi.

Za kuacha kabisa

Wafuasi wa kununua. Sina la kuongeza hapo.

Na wakala anayekufungulia kurasa kwa barua pepe yake mwenyewe. Hili limenifika. Mwaka wa kwanza wa duka langu nilimlipa kijana mmoja afungue ukurasa na akaunti ya matangazo, nami nikafurahi kuona imekamilika siku moja. Tulipokosana kuhusu malipo niligundua sina hata neno la siri. Fungua kila kitu mwenyewe, kwa barua pepe yako na namba yako, halafu umpe msaidizi ruhusa unayoweza kumnyang'anya. Ule ukurasa wangu upo mpaka leo, na picha za mabuibui ya mwaka ule. Bado watu wanauliza bei chini yake, na hakuna wa kuwajibu.