OurFamilyWizard: Programu ya Wazazi Walioachana kwa Jicho la Mama Mtalaka

Mama aliyeachika na kubaki na watoto hugundua upesi kwamba shughuli zake na aliyekuwa mume wake hazijaisha. Zipo ada za shule, ipo homa ya mtoto, lipo swali la nani atamchukua Ijumaa na nani atalipia miwani mipya. OurFamilyWizard, programu iliyoanzishwa Marekani mwaka 2001 kwa ajili ya wazazi walioachana, inashughulikia upande huo tu wa maisha baada ya talaka, nami naipima kwa swali moja: je, inampunguzia mama mzigo, au inamwongezea?

Kilicho bora zaidi ndani yake ni sehemu ya ujumbe. Ujumbe ukishatumwa hauwezi kuhaririwa wala kufutwa na upande wowote, na programu huonyesha ulitumwa lini na ulifunguliwa lini kwa mara ya kwanza. Mtu ambaye hajapitia talaka anaweza kuliona jambo hili kuwa dogo, lakini mama aliyechoka kuambiwa kwamba jambo fulani halikuwahi kukubaliwa hupata nafuu kubwa, kwa sababu habishani tena juu ya kilichosemwa. Nafuu ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito zaidi, ni kwamba mazungumzo na mzazi mwenza hupata mahali pake. Hayachanganyiki na salamu za ndugu wala ujumbe wa kazini, na mama mwenyewe huamua ayafungue saa ngapi, pengine watoto wakishalala, akili ikiwa imetulia kiasi cha kujibu bila hasira. Kipo pia kipengele kiitwacho ToneMeter, kinachomtahadharisha mwandishi kuhusu maneno makali kabla hajatuma. Kinasaidia, ingawa kinasoma maneno tu. Kejeli ambayo watu wawili waliowahi kuishi pamoja wanaielewa vizuri inaweza kukipita bila kuonekana.

Kalenda ya pamoja huonyesha mtoto atalala kwa nani na siku gani. Ombi la kubadilishana siku hutumwa humo humo, na jibu hubaki kwenye kumbukumbu, kwa hiyo mtoto hageuzwi kuwa tarishi kati ya nyumba mbili. Mavis Hetherington, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Virginia aliyezifuatilia familia za watalaka kwa miaka mingi, alionyesha kwamba mwaka wa kwanza huwa mgumu kupita yote, kwani ratiba ya nyumba huvurugika na mama hujikuta mkali leo, mlegevu kesho, na kwamba familia nyingi huanza kutulia kufikia mwaka wa pili. Katika miezi hiyo ya mwanzo, kujua mapema ni usiku gani atakuwa peke yake na usiku gani atakuwa na watoto humwezesha mama kupanga kazi, mapumziko na hata usingizi wake.

Upande wa fedha unahitaji kutazamwa bila kupambwa. Programu inaruhusu kuweka risiti, kugawa gharama kwa asilimia zilizokubaliwa na kuona nani bado anadaiwa, na hilo humwondolea mama aibu ya kuomba upya fedha ambazo ni haki ya mtoto. Haiongezi kipato hata kidogo. Mwaka 1996 mwanasosholojia Richard Peterson, akirudia kuchambua takwimu za Marekani, alikuta kwamba hali ya maisha ya wanawake ilishuka kwa takriban asilimia 27 baada ya talaka, huku ya wanaume ikipanda kwa asilimia 10. Pengo la namna hiyo huzibwa na ajira, mgawanyo wa haki wa mali na matunzo ya watoto yanayolipwa kwa wakati. Isitoshe, kila mzazi huwa na akaunti yake na ada yake ya usajili, gharama ambayo mama aliyeanza upya huihisi.

Palipokuwa na kipigo au vitisho, ningekuwa mwangalifu zaidi. Kumbukumbu zisizofutika ni ushahidi mzuri, lakini hazimzuii mtu mwenye tabia ya kutawala kutuma ujumbe kumi kwa siku; ulinzi wa aina hiyo hutafutwa mahakamani na polisi.

Kwa wazazi wanaoelewana, kalenda ya kawaida ya simu inatosha na hakuna sababu ya kulipia zaidi. Faida ya OurFamilyWizard huonekana pale mawasiliano yanapogeuka ugomvi kila mara, na nchini Marekani majaji huweza kuwaamuru wazazi wa namna hiyo kuitumia. Mama ambaye mzazi mwenzake anakataa kujisajili na azungumze kwanza na wakili kabla ya kulipa, kwa kuwa akaunti ya upande mmoja haina wa kuijibu.