Uzoefu wangu na vali bandia za moyo: zinavuja wapi, na kwa nini

Ninafanya ekografia ya moyo, yaani picha ya mawimbi ya sauti, hapa Bukavu. Wenye vali bandia ninaowapima walipasuliwa Kigali, Nairobi au India, na wengi wao ni vijana ambao vali yao ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, iliharibiwa na homa ya baridi yabisi. Tathmini hii basi ni ya mtu anayeitazama vali ikifanya kazi miezi na miaka baada ya kushonwa. Watu huniuliza ipi ni bora, ya chuma au ya mnyama, na karibu wote huulizia majani yake, vile vipande vinavyofunguka na kufunga. Mimi huanza na pete, yaani ukingo wa vali unaoshonwa kwenye moyo.

Ninayokutana nayo zaidi ni ile tunayoiita ya chuma, ingawa majani yake mawili ni ya kaboni ngumu. Muundo huu uliwekwa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1977, na ninauamini. Majani hufunguka hadi digrii 85, damu inapita karibu moja kwa moja. Yakifunga hayabani kabisa: takriban mililita 5 hadi 10 hurudi nyuma kila pigo. Huo uvujaji umepangwa. Damu inayopenya kwenye bawaba ndogo za majani huzisafisha, isije ikatulia pale na kuganda. Wabunifu waliowahi kubadilisha umbo la bawaba bila kuangalia vizuri mtiririko wa ndani yake walipata vali zilizoziba kwa damu iliyoganda. Kwa hiyo kwenye skrini, ambako mwendo wa damu huonekana kwa rangi, ukiona vijito viwili hadi vinne, vyembamba, vifupi, vya rangi tulivu, vyote vikianzia ndani ya pete, usimtishe mgonjwa.

Shida ni kijito kinachoanzia nje ya pete, kati ya kitambaa na nyama ya moyo. Hicho hakikupangwa na yeyote.

Pete ya vali imevishwa kitambaa cha poliesta au Teflon, na daktari huishona kwa mishono 12 hadi 16 hivi, mara nyingi kila mshono ukiwa na kipande kidogo cha kitambaa kizito ili uzi usikate nyama. Wiki na miezi ikipita, nyama ya moyo hukua ndani ya matundu ya kitambaa, na hapo ndipo mahali panaziba kweli. Kabla ya hapo nyuzi peke yake ndizo zinazobeba mzigo. Sasa tazama yanayoweza kuharibika. Pete ni duara gumu na bapa, lakini ukingo wa mitrali una umbo la herufi D, umepinda kama tandiko la farasi. Penye donge la chokaa kitambaa hakilali, panabaki upenyo. Vali kubwa kuliko nafasi husukuma ukingo ukajikunja. Iliyo ndogo mno huzivuta nyuzi hadi zikate. Upande wa nyuma wa mitrali daktari hushona kwa woga, na ana haki, kwa sababu mshipa unaolisha moyo unapita karibu kabisa. Nyama iliyolainishwa na maambukizi, nayo, haishiki uzi hata ukishona vizuri namna gani.

Pete nene na laini hujaza mikunjo ya ukingo vizuri, ila hula nafasi ya tundu la damu. Pete nyembamba huacha tundu pana lakini haisamehi kosa la mshono. Kwa mitrali ya kijana mwenye ukingo mgumu uliokunjamana, mimi ningechagua ile laini, na nasema hivyo bila kusita.

Kuupata uvujaji huu kunahitaji uvumilivu. Weka kipimo cha kasi ya rangi kwenye sentimita 50 hadi 60 kwa sekunde, kisha zunguka pete yote kutoka kila dirisha unaloweza. Kwenye vali ya aota, mlango wa mshipa mkuu unaotoka moyoni, kata picha ya mviringo uone kijito kimeshika sehemu gani ya duara: chini ya asilimia 10 ni kidogo, 10 hadi 30 ni cha wastani, kupita 30 ni kikubwa. Ukiona vali nzima inayumba zaidi ya digrii 15, mishono mingi imeachia, huyo asirudi nyumbani.

Mitrali ya chuma ndiyo inayodanganya. Vali hutupa kivuli juu ya atiria ya kushoto, chumba cha juu cha moyo, hapohapo kijito kinapoingia, na picha ya kifuani hutoka safi kabisa. Hapo nategemea namba. Kasi ya damu inayoingia ikifika mita 1.9 kwa sekunde au zaidi, huku muda ambao tofauti ya shinikizo pande mbili za vali inashuka hadi nusu ukiwa chini ya milisekunde 130, vali haijaziba. Kuna damu ya ziada inayokwenda na kurudi. Mtume kwa kipimo cha kupitia umio.

Maabara pia husaidia. Tundu dogo la uvujaji laweza kupasua chembe nyekundu za damu kuliko hata tundu kubwa, kwa sababu damu hupenya kwa nguvu nyingi. Hemoglobini inashuka, LDH, kimeng'enya kinachotoka kwenye chembe zilizopasuka, inapanda, haptoglobini, protini inayokamata hemoglobini iliyomwagika, inaisha, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi. Mgonjwa wa hivyo akipewa vidonge vya chuma tu na kuambiwa ale vizuri, tunampoteza polepole.

Zile za mnyama, za perikadi (utando unaofunika moyo) ya ng'ombe au za nguruwe, hufunga karibu kavu siku ya kwanza, na hazidai Sintrom, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote. Kwa kijana majani yake hujaa chokaa na kupasuka mapema, akarudi kwenye meza ya upasuaji tena.

Kuhusu vali za aota zinazopitishwa kwenye mshipa wa paja, zilizoanza Ufaransa mwaka 2002: hazishonwi, zinajishikiza kwa kutanuka tu, na matoleo ya kwanza yalivuja sana pembeni. Kati ya aina zilizofuata, Sapien 3 ikaongezewa sketi ya kitambaa upande wa nje, Evolut PRO ikafungwa perikadi ya nguruwe, na uvujaji ukapungua kweli. Ni kazi nzuri mno. Lakini zinahitaji chokaa cha kujishikizia, kile cha aota ya mzee, na vijana wetu wa mitrali hawana hicho.

Kwa mwenye ya chuma: INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, kwa vali ya mitrali ilenge 3, ya aota 2.5. Sintrom haikai sana mwilini, dozi moja ikirukwa inaonekana. Sombe na lengalenga kula, ila kwa kuwa mboga hizi hupunguza nguvu ya dawa, kiasi kilekile kila wiki, usiache mwezi mzima kisha ukala sahani tatu. Linda meno, kwa sababu wadudu wa kinywani wakiingia kwenye damu wanaweza kuambukiza vali na kufungua mishono. Usiku kukiwa kimya utaisikia vali ikigonga; siku mlio ukififia au ukipotea, njoo siku hiyohiyo, na kadi yako yenye jina la vali, namba na ukubwa wake kwa milimita.