Semina ya uongozi kwa wachungaji na watumishi wa ofisi za kanisa, Morogoro: nendeni, lakini msimwache mtunza hazina nyumbani

Nafanya kazi katika ofisi ya usharika, Kibaha. Mimi ndiye ninayeandika matangazo ya Jumapili, ninayepokea simu za misiba, ninayetunza daftari la ubatizo, na ninayeulizwa na mlinzi mshahara unatoka lini. Kwa hiyo semina yoyote ya uongozi naipima kwa swali moja tu: Jumatatu asubuhi nikifungua ofisi, itanifaa nini? Hii ya Morogoro imenifaa, na ningependa watumishi wenzangu waijue, pamoja na pale ilipopungua.

Ni ya siku tatu, Jumanne hadi Alhamisi. Ada ni shilingi 150,000 kwa mtu, malazi na chakula humohumo. Vyumba ni vya watu wawili, vyandarua vizima, maji ya moto hakuna. Tulikuwa Walutheri, Waanglikana, Wamoraviani na Wapentekoste, wachungaji kwa makatibu, na wainjilisti wachache. Wawezeshaji ni watatu: mchungaji mstaafu, mwanasheria wa mambo ya ajira, na mama mmoja mhasibu aliyekagua hesabu za makanisa kwa miaka mingi. Kitabu wanachogawa kimeandikwa kwa Kiswahili chepesi na kina fomu unazoweza kutoa nakala na kuanza kuzitumia.

Mchungaji mstaafu alianza na Kutoka 18, Yethro alipomwona mkwewe Musa akiamua mashauri ya watu wote peke yake. Somo hilo tumelisikia wote, lakini yeye alikazia jambo ambalo mara nyingi tunalipita: Yethro hakusema Musa peke yake atachoka, alisema na watu watachoka pia. Watu waliosimama tangu asubuhi hadi jioni wakimsubiri mtu mmoja. Kisha akawataka wachungaji waandike wiki yao iliyopita, siku kwa siku, na kuweka alama kwenye kazi ambazo ni lazima azifanye mchungaji mwenyewe. Karatasi zilijaa mikesha ya misiba, vikao vya harusi, darasa la kipaimara, fundi wa choo, ugomvi wa kwaya kuhusu sare. Kazi zenye alama zilikuwa chache kuliko wengi walivyodhani. Ibada ya mazishi, sawa. Lakini ibada ya jioni msibani inaweza kuongozwa na mzee wa kanisa wa mtaa ule, mradi amefundishwa na washarika wametangaziwa mapema kwamba ametumwa. Hapo kwenye kutangaza ndipo alipokaa kwa muda, na nadhani alikuwa sahihi kabisa. Mzee akienda bila kutangazwa, wafiwa wanaona wamedharauliwa.

Alitoa na ushauri mmoja mdogo ambao tayari tunautumia: malalamiko hayajibiwi mlangoni baada ya ibada. Mchungaji anamshika mtu mkono, anamsikiliza, anamwambia, "Njoo ofisini Jumanne saa nne, tukae." Na katibu anaandika palepale, ili Jumanne ikifika mtu asikute mlango umefungwa.

Kipindi cha mhasibu ndicho kilichonifanya niseme ada yangu imerudi. Hakuja na maneno ya kuwatisha watu kuhusu wizi. Alikuja na vikapu vyenye noti na sarafu, akatugawa makundi, akasema hesabuni. Sheria zake ni nyepesi na hazina msamaha. Sadaka inahesabiwa siku hiyohiyo, mahali panapoonekana, na watu wasiopungua wawili ambao si wa nyumba moja. Fomu inaonyesha noti za kila aina, si jumla peke yake, na wote wanatia saini. Hakuna kulipa chochote kutoka kwenye kikapu, hata nauli ya mgeni, hata mafuta ya jenereta. Fedha inaenda benki nzima na matumizi yanatoka kwa hati ya malipo. Mchungaji hakai na fedha hata usiku mmoja. Aliturudisha kwenye Wakorintho wa pili, sura ya 8, ambako Paulo hakuacha mchango wa watakatifu ubebwe na mtu mmoja. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine, ili asipatikane wa kuwalaumu. Utaratibu huu, alisema, unamlinda mchungaji kabla haujalinda fedha.

Halafu akafika kwenye mnada wa mavuno, pale mazao na mifugo iliyotolewa sadaka inaponadiwa, na ukumbi mzima ukaamka. Kila aliyewahi kukaa ofisi ya kanisa anajua hali ilivyo. Mnadi ana maneno matamu, jogoo anapanda mpaka shilingi 60,000, mtu anashangiliwa, anaondoka na jogoo na kusema ataleta. Jioni jumla inatangazwa kana kwamba yote ni fedha mkononi. Mwezi unapita, baraza la wazee linapanga kupaua kwa fedha ambazo ziko midomoni mwa watu. Fomu ya mama huyu ina safu mbili, taslimu na ahadi, pamoja na jina la mnunuzi, simu na saini, na inayotangazwa kama mapato ni taslimu pekee. Mzee mmoja anapewa kazi ya kufuatilia ahadi kwa upole, nyumba kwa nyumba. Ipo hata nafasi ya kuandika kitu kilichonunuliwa na kukabidhiwa mchungaji kama zawadi, ili baadaye mtu asiulize mbuzi alikwenda wapi. Kwa sadaka za simu alisisitiza namba isajiliwe kwa jina la kanisa, isiwe laini ya mchungaji wala ya mtunza hazina, na taarifa ya miamala ichapishwe kila mwezi na kubanwa pamoja na fomu za kuhesabia.

Mwanasheria alianza na swali: nani hapa ana mkataba wa maandishi? Mikono iliyoinuka ilikuwa michache, na ilikuwa ya wachungaji. Akatufungulia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Likizo ya mwaka ni siku 28. Likizo ya uzazi ni siku 84, na mwanamke anayefanya kazi ya kanisa ni mfanyakazi kama wengine. Mapumziko ya wiki ni saa 24 mfululizo, maana yake anayefanya kazi Jumapili apewe siku nyingine, na mlinzi asilale getini usiku wa wiki nzima. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu ya mfanyakazi haizidi nusu yake. Mchungaji mmoja akasema hawa wamejitoa kwa Bwana. Mwanasheria akamjibu kwa heshima, "Baba Mchungaji, amejitoa kweli, lakini watoto wake wanakula mshahara." Mimi nililia kidogo, kwa sababu nimewaona wahudumu wa kanisa wakizeeka na kuondoka na kanga na cheti cha shukrani. Kanisa linalohubiri haki lianzie na anayelifagia.

Alizungumza pia, kwa ufupi mno, juu ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tunatuma majina ya wagonjwa kwenye kundi la WhatsApp la usharika, na ugonjwa wenyewe tunautaja. Jina lenyewe litumwe kwa ridhaa ya mgonjwa, alisema, na ugonjwa usitajwe. Nilitamani kipindi hiki kipewe mchana mzima.

Badala yake mchana wa siku ya mwisho ulikwenda kwa msemaji mgeni juu ya maono ya kanisa. Alisema vizuri, lakini mifano yake yote ilikuwa ya makanisa makubwa ya Marekani yenye idara na wakurugenzi wa kulipwa. Usharika wa kawaida huku kwetu una mchungaji, mwinjilisti, katibu na mlinzi. Hatukuondoka na kitu cha kufanya. Waandaaji wakiondoa kipindi hicho, hakuna atakayekililia.

Pungufu kubwa zaidi ni watu ambao hawakualikwa. Mchungaji hapangi mshahara wa mlinzi peke yake, wala katibu hawezi kubadili namna ya kuhesabu sadaka. Maamuzi hayo ni ya baraza la wazee, na mtunza hazina asiyeelewa chanzo cha fomu mpya ataiona kama shutuma. Kwetu ilichukua vikao kadhaa kueleza kwamba hakuna aliyeshukiwa. Yule mama mhasibu angeyaeleza kwa saa moja na yakaisha.

Fomu za kuhesabia tumeanza kuzitumia, na mkataba wa mlinzi umesainiwa. Kwa semina ijayo Baba Mchungaji ameomba nafasi mbili, ya mtunza hazina na ya mwenyekiti wa wazee. Ukienda, beba sweta, asubuhi upepo wa milima ya Uluguru unauma, na chukua nakala ya katiba ya kanisa lako, kwa sababu mwanasheria ataiulizia.