Bundi na kalunguyeye wapelelezi: tulikipenda hadi sura ya 12

Kitabu hiki cha upelelezi cha watoto nilikinunua Kampala kwa shilingi 38,000, kwa sababu mwanangu wa darasa la tatu alikuwa amechoshwa na vitabu vya picha vyenye mistari miwili kila ukurasa. Hiki kina sura 14 fupi, herufi kubwa, mchoro mmoja kila sura. Kimeandikwa kwa Kiingereza. Sisi ni watu wa Bombo na nyumbani tunasema Kiswahili, hivyo kila usiku mtoto alisoma sura moja kwa sauti, nami nikamfasiria bibi yake.

Bibi alikikataa mwanzoni. Mpelelezi mkuu ni bundi, na kwa bibi bundi akilia juu ya paa anatangaza msiba. Kilichomlainisha ni sura ya pili: bundi ametulia tawini, mwili haujasogea, kichwa kinageuka polepole hadi anamwona anayenyata nyuma yake. Hilo ni la kweli, bundi hugeuza shingo nyuzi 270 hivi kwa kuwa macho yake hayazunguki. Mwenzake kalunguyeye haoni vizuri lakini pua yake haikosi kitu. Hapo mwandishi alinikamata. Wanyama wake si watu waliobandikwa mikia, kila mmoja anapeleleza kwa kile alichojaliwa. Sungura wa hadithi tulizokulia hushinda kwa kumlaghai fisi. Hapa ujanja hautoshi, lazima uthibitishe.

Kisa chenyewe: kengele ya shule ya msituni imeibwa usiku wa theluji. Theluji ilinipa kazi kidogo. Nikamwambia mtoto ipo hapa hapa Uganda, kileleni Rwenzori, kwenye Margherita yenye mita 5,109. Sura ya nne, nyayo zinatoka mlangoni mwa shule, zinavuka uwanja, halafu zinakatika katikati. Sikuwa hata nimemaliza kumfasiria bibi, mtoto akasimama: "Mama, ameruka! Ni ndege!" Kwa dakika ile peke yake sijutii hela yangu.

Washukiwa wenye mabawa ni watatu: kunguru, bata na korongo. Mchoro unaonyesha nyayo waziwazi, vidole vitatu vya mbele vimeunganishwa na ngozi. Asubuhi nilimkuta mtoto uani amemkamata bata wa bibi, anamkanyagisha kwenye tope karibu na bomba, kisha kuku, kitabu kimefunguliwa juu ya ndoo. Akaandika jibu kwenye daftari: bata.

Sura ya 13 kalunguyeye anaokota barua ndani ya shina la mti. Haikutajwa popote kabla ya hapo. Barua inamtaja korongo, kesi imekwisha.

Mtoto alinyamaza, na ningependelea angelalamika. Alirudi kwenye mchoro akautazama muda mrefu. Alikuwa na haki. Korongo yule anafanana na yangeyange wanaofuata ng'ombe hapa kwetu, vidole vyao ni virefu na havina ngozi kati yake. Nyayo zile ni za bata, na mtoto wa miaka minane alizisoma vizuri kuliko waliotengeneza kitabu. Padri Mwingereza Ronald Knox, aliyeandika pia hadithi za upelelezi, aliweka kanuni 10 mwaka 1929, na mojawapo ni kwamba mpelelezi asiokote dalili yoyote bila msomaji kuonyeshwa papo hapo. Watoto wanastahili haki hiyo zaidi yetu, maana wao huamini kila walichochorewa.

Natoa nyota 3 kati ya 5. Kiingereza chake ni chepesi kwa mtoto wa miaka 7 hadi 9, karatasi ni imara, na sura zinaishia mahali panapomfanya mtoto aombe nyingine. Ukikinunua, simama mwisho wa sura ya 12 na umwache mtoto amtaje mwizi na kueleza kwa nini, ndipo mfungue ya 13.

Chetu sasa kina marekebisho. Pembeni mwa zile nyayo mwanangu amechora kwa penseli mguu wa yangeyange, vidole vimeachana, na chini yake ameandika: "Korongo hakuiba."