Kifurushi cha kwanza cha simu kwa familia: uliza kwanza bando likiisha kinatokea nini

Familia zinazojiunga na kifurushi cha pamoja kwa mara ya kwanza hulalamikia jambo lilelile. Bando la mwezi limekata kabla mwezi haujafika katikati, na salio lililokuwa kwenye laini limekwenda nalo. Muuzaji aliulizwa bei, akaulizwa ni GB ngapi, akaulizwa kama mtandao unashika vizuri. Swali la bando likiisha halikuulizwa na yeyote, na ndilo linaloamua kama kifurushi kitakufaa au kitakutesa.

Bei na GB sitazigusa sana, hizo zimeandikwa kwa herufi kubwa na kila mtu anajua kuzilinganisha. Kuhusu mtandao kushika, weka laini yake kwenye simu moja, piga simu ukiwa kila chumba na kila mahali watoto wanaposhinda, na utapata jibu siku hiyohiyo.

Bando likifika sifuri, kampuni hufanya moja kati ya mambo matatu. La kwanza ni kukata intaneti mpaka ununue tena. La pili ni kushusha kasi. La tatu, lililo baya kuliko yote, ni kukuacha uendelee huku wakikata salio kwa bei ya nje ya bando. Bei hiyo kwa MB moja huwa juu sana kuliko ile uliyolipia kwenye kifurushi. Kwenye laini ya malipo ya kabla, hasara huishia pale salio linapoisha. Kwenye laini ya kulipa mwisho wa mwezi hakuna salio la kuisha, kwa hiyo deni linapanda tu.

Usitegemee SMS ya onyo. Simu inayopakua kwa kasi ya Mbps 20 (megabiti kwa sekunde; biti nane ni baiti moja), ambayo ni ya kawaida kwenye 4G, inakula MB 2.5 kila sekunde, yaani MB 150 kwa dakika. SMS ikikuambia zimebaki MB 100, na mtoto yupo katikati ya kupakua gemu, una sekunde 40. Hapo ujumbe uwe haujachelewa, na simu uwe umeishika mkononi.

Kwa kigezo hicho, navipanga hivi.

Nafasi ya kwanza naipa kifurushi cha pamoja chenye kikomo kwa kila laini, na intaneti inayokatwa laini ikifika kikomo chake. Ukiwa na GB 40 na laini tano, unaweza kumpa kila mzazi GB 12, watoto wawili GB 6 kila mmoja, na bibi GB 4. Mtoto akimaliza zake, amemaliza zake; mama aliye kazini haguswi. Bila mpaka huo, bando la pamoja ni mali ya anayewahi. Netflix wenyewe wanaeleza kuwa saa moja ya video ya HD hula mpaka GB 3 na ya ubora wa kawaida mpaka GB 1. Filamu mbili za saa mbili kwa HD, na GB 12 zimekwisha usiku mmoja. Hakikisha unaweza kubadilisha mgawo katikati ya mwezi kupitia programu yao bila kupiga simu huduma kwa wateja. Uliza pia kama mwenye laini iliyo ndani ya kifurushi anaweza kujinunulia bando la ziada bila idhini yako. Mara nyingi uwezo huo huwa wazi tangu mwanzo, na wewe ndiye unayepaswa kuufunga.

Nafasi ya pili ni kila mtu na laini yake ya malipo ya kabla, kila moja na bando lake la mwezi. Inaonekana ghali ukijumlisha, na inakulazimu kukumbuka tarehe za kujiunga upya, lakini kosa la mmoja halimwangukii mwingine. Kama kampuni unazoziona hazina kikomo kwa kila laini, chukua hii wala usisitesite. Kwa mzee anayetumia kitochi, hii ndiyo sahihi hata kama wengine wapo kwenye kifurushi: mnunulie dakika na SMS, GB hazimsaidii kitu.

Ya tatu ni vile vinavyoitwa vya bila kikomo. Kikomo kipo, ila kimefichwa kwenye kasi. Uliza namba mbili: kasi inashushwa baada ya GB ngapi, na inashushwa mpaka ngapi. Ikiwa ni Mbps 1, familia itaishi: simu za WhatsApp zitakwenda, na video za ubora wa chini zitafunguka kwa subira. Ikiwa ni kbps 128, hiyo ni KB 16 kwa sekunde. Picha moja ya MB 2 itachukua zaidi ya dakika mbili kufunguka. Wauzaji huziita zote mbili "kasi ya kawaida". Uliza pia kama hotspot, yaani kugawia vifaa vingine intaneti ya simu, ina kikomo chake peke yake, maana familia yenye kompyuta moja nyumbani itakigonga hicho kwanza.

Ya nne, na ningependa uiepuke kwa kuanzia, ni kifurushi cha kulipa mwisho wa mwezi kisicho na dari ya gharama. Ukilazimika, omba dari iwekwe kabla ya kusaini na upewe kwa maandishi. Kumbuka pia kwamba mwenye akaunti ni mmoja: malipo yakichelewa, laini zote zinafungwa kwa pamoja, na namba za siri za benki zinazotumwa kwa SMS huenda zisifike kwa yeyote ndani ya nyumba.

Bando za siku na za wiki zinafaa kwa dharura na safari. Kwa familia nzima ni kazi ya kujiunga kila asubuhi, na mara nyingi "siku" huishia saa sita usiku hata kama umenunua jioni.

Kabla ya kuhamishia familia yote, fanya jaribio hili kwa laini moja. Weka salio dogo, uandike kiasi chake. Nunua bando dogo kuliko yote waliyonayo. Zima Wi-Fi, fungua video kwa ubora wa HD, uiache icheze. MB 100 huisha ndani ya dakika chache. Bando likiisha, angalia kama video inasimama, inaanza kukwama, au inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Subiri robo saa, kwa kuwa makato mengine huchelewa, kisha angalia salio. Likiwa limepungua, umeshajua unashughulika na kampuni ya aina gani. Nenda kwenye menyu yao utafute sehemu ya kuzuia matumizi nje ya bando. Kama haipo, tafuta mtandao mwingine.

Simu yenyewe nayo ina sehemu yake, na hapa sifichi ninakoegemea: kwa laini ya mtoto napendekeza Samsung. Android imekuwa na kikomo cha data ndani ya simu tangu toleo la 4.0 la mwaka 2011, na kwenye Samsung kinapatikana kwa urahisi: Mipangilio, Miunganisho, Matumizi ya data, kisha mzunguko wa malipo. Weka tarehe ya bando kuanza, washa kikomo, andika kiasi kilichopungua kidogo kuliko mgawo. Mgawo ukiwa GB 6, andika 5.5, kwa sababu hesabu ya simu na hesabu ya kampuni hazilingani kila mara. Mtoto mjanja anaweza kukiondoa, ila hatakivuka kwa bahati mbaya. iPhone haina kikomo cha namna hii. Ina hali ya kupunguza data tangu iOS 13, ambayo inabana matumizi bila kuyasimamisha. Hata kihesabu chake hakijirudishi sifuri mwezi ukianza, lazima ukiguse mwenyewe. Family Link, programu ya Google ya wazazi kusimamia simu za watoto, nayo hupima muda, haipimi MB.

Kwenye iPhone zima Wi-Fi Assist, iliyopo chini kabisa ya ukurasa wa data ya simu. Huwa imewashwa tangu kiwandani, na Wi-Fi ikidhoofika inahamia kwenye bando bila kukuuliza. Kwenye simu ya laini mbili, ya aina yoyote, zima ruhusa ya data kuhama yenyewe kutoka laini moja kwenda nyingine. Hii ndiyo inayomaliza salio la laini ya pili, ile isiyo na bando, na watu wakadhani wameibiwa.

Na wauzaji nao watende haki. Kutangaza GB 30 wakati 15 ni za usiku wa manane na 5 ni za mitandao ya kijamii tu, hapo wameuza GB 10. Mzazi anayepanga bajeti ya watu watano anahitaji namba moja ya kweli. Muuzaji akikutajia jumla, mwombe akutajie zile zinazotumika saa yoyote kwa kitu chochote, na ulinganishe hizo tu.

Akikuongezea simu ya mkopo juu ya kifurushi, uliza kama imefungiwa mtandao mmoja. Kwa iPhone, fungua Mipangilio, Jumla, Kuhusu, usome mstari wa kufungiwa mtandao; simu iliyo huru itaonyesha kuwa haina vizuizi vya SIM. Kwa simu nyingine, chomeka laini ya mtandao mwingine papo hapo dukani, kabla hujalipa, na upige simu.