Kamati ya ulinzi na usafi ya mtaa wetu: buku mbili kwa mwezi, nyota 4 kati ya 5

Siku hizi buku mbili, yaani shilingi elfu mbili, hata chipsi mayai haitoshi, lazima uongezee, kwaiyo mtu akikwambia kwa buku mbili kwa mwezi unapata walinzi wa usiku na watu wa kuzibua mitaro na namba ya kupiga saa tisa usiku ikapokelewa, lazima uhisi unapigwa. Mi nilihisi ivo ivo. Huu mwaka wa tatu naishi huku, uswazi ya Kinondoni, bonde la mto Ng'ombe, jina la mtaa naliacha maana kuna mambo ntayasema mbele na sitaki nikikutana na katibu bombani aanze kuniangalia jicho la pembeni.

Kwanza ieleweke nani ni nani, hata mimi ilinichukua mda. Kuna serikali ya mtaa, mwenyekiti na wajumbe wake, hao tunawapigia kura, mara ya mwisho ilikua Novemba 2024. Kuna balozi wa nyumba kumi, ambae kiukweli ni wa chama toka vyama vingi virudi 1992, ila mpaka leo ukihamia tu watu wanakuuliza ushajitambulisha kwa balozi? Alafu ndo kuna hawa ninaowapa nyota, kamati, watu kumi na moja wanaojitolea, hawana mshahara wala bahasha. Katibu ni mzee mstaafu, mhazini dada mmoja anauza vitumbua, anaewaongoza ni mama mtu mzima tunamwita mama mwenyekiti, ingawa mwenyekiti wa mtaa ni mwingine kabisa, usichanganye. Hela yako inaenda kwenye posho za vijana sita wa doria, betri za tochi, glovu, makoleo.

Nianze na ulinzi maana ndo kilichonifanya nilipe. 2022 zile habari za panya road, vile vikundi vya vijana wa mapanga wanaovamia na kupora, zilipochacha mitaa mingi ya Dar ikafufua ulinzi shirikishi, wakazi wenyewe kulinda mtaa wao, nadhani na hapa ndo walipoamka, mimi nilikuta tayari wanatembea. Saa tano usiku mpaka kumi na moja alfajiri, wawili wawili, filimbi shingoni. Hawana silaha zaidi ya rungu na ukiwaona mara ya kwanza utawadharau, mmoja ana miaka kama hamsini anakohoa usiku kucha, mi nilidhani kazi yake ni kuwastua vibaka wakimbie mapema lol.

Mwaka jana jirani kaibiwa mtungi wa gesi. Mwizi hakukamatwa kwa mbio, huyo huyo mzee wa kukohoa alikutana nae kwenye kichochoro akamsalimia, "Za saizi kaka, huo mtungi unaupeleka kujaza wapi saa tisa hii?" Jamaa akauweka chini mwenyewe. Filimbi ikapigwa na hapo ndo kazi ikaanza, maana ndani ya dakika tano watu wameshatoka na matofali, mwingine kashika mchi wa kutwangia, kijana mwenyewe ana miaka kumi na tisa hivi anatetemeka. Mama mwenyekiti akatokea na khanga na ndala za rangi mbili tofauti, akamkalisha mwizi kwenye baraza la duka na yeye akakaa pembeni yake, bega kwa bega, akamulika kitochi usoni kwa watu mmoja mmoja akiwataja, baba fulani, mama fulani, we si mpangaji wa kwa mzee fulani. "Anaemtaka huyu aanze na mimi, na milango yenu nyote naijua." Hakuna aliesogea. Wakakaa pale mpaka gari la polisi lilipofika kunakucha, na mama akaomba chai ya rangi, akamnywesha na mwizi. Mi naamini usiku ule bila yule mama tungeamka na maiti na ile sentensi ya magazeti ya wananchi wenye hasira kali, na mimi nikiwa mmoja wao, nisijifanye, nilikua nimeshika kipande cha mbao.

Kwa hilo peke yake ningewapa nyota zote tano.

Sasa mitaro. Hapa ndo naona wengi hawaelewi wanacholipia wanadhani ni doria tu. Huku sisi ni watoto wa mafuriko, wenyeji wakikusimulia Desemba 2011 utadhani ni jana, Dar yote ilizama, watu zaidi ya 40 walikufa, wa Jangwani na mabondeni wengine wakapelekwa Mabwepande kuanza upya. Baada ya hapo mradi wa DMDP, ule wa serikali na Benki ya Dunia wa kuboresha miundombinu ya Dar, ukaja kujenga kuta za zege mto Ng'ombe, kazi kubwa, sipingi, ila mto mkubwa hata ukiwa mzuri vipi maji ya uchochoroni kwako yanapita kwenye kamtaro ka upana wa ndoo mbili na hako hakuna mradi unaokuja kukazibua, ni wewe na koleo. Ndo kamati inapoingia.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi wanatoka saa moja asubuhi, na kabla ya masika, kuanzia Februari, wanatoka kila wiki. Mimi nimeshiriki mara tatu (mara ya kwanza kwa kulazimishwa) na nakwambia ukitaka kujua majirani zako wanaishije nenda kasafishe kalavati. Nywele za rasta ndo adui namba moja, zinanasa kwenye nondo zinakua kama wavu alafu kila kitu kinagota hapo, pampasi, chupa za maji, na vile vifungashio laini vilivyochukua nafasi ya mifuko ya rambo iliyopigwa marufuku Juni 2019. Mwezi wa tatu tulitoa godoro. Godoro zima, futi nne kwa sita, limelowa, wanaume watano na kamba na matusi, na mwenye godoro yupo pale pale anatuangalia dirishani, shuka lililofungwa nalo kila mtu analijua.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba hawabahatishi. Ofisini kwao, yaani kachumba nyuma ya duka, ukutani kuna ramani kubwa ya mtaa ina kila nyumba na kila mtaro. Kuna kijana kwenye kamati alikua kwenye ule mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, wanafunzi wa Chuo cha Ardhi na wa Mlimani pamoja na wakazi walizunguka kata za mabondeni na simu na jipiesi wakachora mitaa yote, ikaingia kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaitumia, bure kabisa. Huyu kijana hajaiacha ramani ife, kazunguka nayo kwa wazee akiwauliza maji yalifika wapi, mzee anaonyesha kwa mkono ukutani, hapa, kiunoni, yeye anapima anaandika. Kwaiyo wanajua kalavati zipi tatu zikiziba nyumba zipi zinaingia maji kwanza, wanaanza na hizo. Masika ya mwaka huu maji yalifika kwenye ngazi yangu ya pili yakarudi. Mwaka juzi yalikua yanaelea masufuria.

Na wale wanaotapisha vyoo, yaani wanaofungulia kinyesi kiende na maji mvua ikinyesha, ambao mnajijua, kamati inawavizia. Radi ikianza tu kuna wawili wanavaa makoti ya mvua wanazunguka kwenye nyumba sugu. Mbabe mmoja mwenye nyumba alikula faini elfu hamsini akaapa atahama, hajahama, choo kajenga kipya.

Mapungufu sasa, maana sio kwamba wananilipa.

Tope. Wanalitoa vizuri alafu wanalirundika pembeni ya mtaro kusubiri gari la taka, na gari la taka sote tunalijua linakuja likijisikia. Mwezi wa nne rundo lilikaa siku nne, ya tano ikanyesha, likarudi lote mtaroni kama tulilala. Nguvu ya Jumamosi nzima imepotea. Nimewaambia tukodi guta kila mtu atoe jero, mia tano tu, tupeleke siku hiyo hiyo, mzee katibu akasema wazo zuri kijana liandike, nimeliandika, liko kwenye faili.

Grupu la WhatsApp nalo. Ni la dharura ila limejaa heri ya siku mpya na dawa za kisukari na anaeuza dagaa wa Kigoma. Usiku mmoja mtu kaandika kuna moshi nyumba ya bluu, ujumbe ukafunikwa na mjadala wa Simba na Yanga, bahati ilikua mtu anachoma taka tu. Watenge grupu la dharura, wanaoandika wawe viongozi peke yao, na waliobaki tupige simu.

Hela ndo kubwa. Kwanza hakuna anaejua ni buku mbili kwa kaya au kwa nyumba, nyumba yetu tuko wapangaji sita, mwezi mmoja mhazini kadai kila chumba, mwezi mwingine kachukua kwa mama mwenye nyumba akasema basi imetosha, mimi nimewahi kulipa mara mbili mwezi mmoja na ya pili haijaonekana popote. Mnalipia mkononi, anaandika kwenye kaunta buku, risiti mpaka uombe, ukiomba unaonekana mkorofi. Hata ile faini ya elfu hamsini nilisikia ililipwa taslimu, wakati faini inatakiwa itoke na kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali, mtu akalipie kwenye simu au benki. Sisemi wanaiba. Dada wa vitumbua namwamini, nakula kwake kwa mkopo. Ila kuna nyumba kama tisa upande wa juu zimegoma kulipa na sababu wanayoitoa ni hiyo tu, tumeona makoleo hatujaona hesabu, na vijana wa doria mwezi wa sita walipewa nusu posho, mmoja kaacha kaenda kuendesha bajaji.

Ushauri kwa anaehamia: jitambulishe wiki ya kwanza, save namba ya mama mwenyekiti, lipa miezi mitatu kwa mpigo na udai risiti hata wakununie, na Jumamosi ya usafi njoo na buti zako, za kwao ni saizi tisa tu zote.

Nyota ya tano nimeishikilia. Kwenye kikao cha mwezi uliopita waliahidi kubandika mapato na matumizi ukutani pale dukani, mbele ya watu, katibu mwenyewe ndo kasema. Jana jioni nimepita kuangalia, kumebandikwa tangazo la kuku wa kienyeji.