TAHADHARI: "Mbegu za waridi la bluu" zinazouzwa Mbeya na Iringa ni za mboga ya chainizi

Wanabustani wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, habari za kazi. Kuna mtu anauza mbegu za maua kwa simu na ameshatupiga wengi, mimi nikiwemo. Jina silitaji kwa sababu kila akaunti anakuja na jipya. Mchezo wenyewe ndio haubadiliki, basi ujueni mchezo.

Anarusha picha za waridi la bluu, waridi jeusi, waridi la rangi saba, na siku hizi kaongeza "okidi halisi za Kitulo". Pakti moja shilingi 5,000, ukichukua tano anakufanyia 20,000, nauli ya basi juu yako. Anajibu haraka, ana adabu, "dada yangu" haimtoki mdomoni. Na mzigo unafika kweli! Hapo ndipo anapowazidi matapeli waliozoeleka, wale wanaokula hela na kuzima simu. Unaenda stendi, unapewa bahasha, ndani kuna vifuko vya nailoni vilivyobandikwa karatasi ya kompyuta: picha ya ua na maneno "kutoka Uholanzi". Tarehe hakuna, jina la kampuni hakuna, asilimia ya uotaji hakuna.

Unapanda. Siku tatu nne, zimeota. Unafurahi, unapiga picha, unamtumia, naye anaiweka kwenye stetasi yake: "Mteja wetu wa Uyole, mbegu hai asilimia mia." Picha yako ndiyo inayomvuta anayefuata, na ndiyo maana ukiulizia kwa watu unaambiwa yule ni mwaminifu, mbegu zake zinaota. Zinaota ndiyo. Tatizo ni kinachoota.

Miche yangu ilitoka na majani mawili mapana, kila jani limebonyea juu katikati kama kopa ya kwenye karata. Aliyewahi kumwagilia kitalu cha chainizi au kabichi anayajua majani hayo. Nikaiacha ikue ili nisimsingizie mtu, ikawa chainizi. Jirani yangu wa mtaa wa Forest aliyenunua "waridi jeusi" kavuna mchicha. Punje chache zilizobaki nilizilowesha kwenye kisahani: maji yakageuka bluu, na rangi ilipotoka kukabaki kijipunje cha mviringo cha kahawia. Yaani kazipaka rangi ya ua analokuahidi.

Na kuota huko kwa haraka ndiko kunakomuumbua. Mbegu ya waridi ni ngumu, ina kona kona, na kwa kawaida haiamki mpaka ikae kwenye unyevu na baridi kwa wiki kadhaa. Wanaoziotesha huanza kuziweka kwenye friji. Hata zikitoka huko zinaota kwa kusuasua. Tena mche wa mbegu haulazimiki kufanana na mama yake, ndiyo sababu wenye vitalu huzalisha waridi kwa vipandikizi au kwa kubebesha.

La bluu ndiyo kabisa. Waridi halina kwa asili ile rangi ya delfinidini ambayo maua mengine huitumia kupata ubluu. Kampuni ya Suntory ya Japani ilihangaika miaka mingi na uhandisi jeni, ikatangaza mafanikio mwaka 2004, ikaanza kuuza maua mwaka 2009, na hata hilo ukilitazama vizuri ni la zambarau. Yale ya bluu kali mnayoyaona kwenye harusi yamenyweshwa rangi au yamepakwa.

Okidi nazo: mbegu yake ni vumbi. Haina akiba ya chakula, porini inategemea fangasi ndipo iote. Huyu bwana kamtumia mama mmoja wa Iringa punje nyeusi zinazong'aa, za kuhesabika kwa vidole. Mchicha tena. Halafu Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, huingii tu ukatoka na mimea. Ama anakudanganya, ama anakuuzia cha wizi.

Ukimlalamikia ana jibu lake tayari: "Mbeya baridi kali, dada yangu, mbegu zimeathirika." Ndiyo maana matangazo yake yanapamba moto Juni na Julai, wakati Uyole na Mufindi mnaamka na sakitu kwenye majani. Baridi inachelewesha mbegu, na mche mchanga inaua. Haigeuzi waridi kuwa mboga. Ukisema hivyo anakubloku.

Kabla hujatuma hela kwa muuzaji yeyote wa mtandaoni, mwombe picha ya mbegu zikiwa kiganjani, usikubali ya ua peke yake. Mbegu ya merigodi ni kijiti chembamba cheusi chenye mkia wa rangi hafifu. Ya zinia ni bapa, imechongoka upande mmoja. Ya kosmosi ni nyeusi, ndefu, imepinda kidogo. Ya petunia ni ndogo mno, unainyunyiza juu ya udongo bila kuifukia. Mtu akikuonyesha maua sita na mbegu zote ni viduara vya saizi moja, achana naye. Muulize pia usajili wake TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na akidai zimetoka nje, cheti cha afya ya mimea na kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Mimi nilipomuuliza alinitumia mikono ya maombi.

Kwa wenye hela ndogo, na ndio anaowalenga: merigodi na zinia hazina haja ya kununuliwa kila mwaka. Mvua zikiisha, omba jirani vichwa vilivyokaukia kwenye shina, fikicha, tunza kwenye bahasha ya karatasi mahali pakavu, mwaga mvua mpya zikishika. Waridi chukua kipande cha shina lenye unene wa penseli, vifundo vitatu au vinne, chomeka kivulini. Na anayetaka bluu ya kweli atafute kipandikizi cha haidranjea. Udongo wenye tindikali ndio unaoipa ubluu, na kwa Tukuyu inapendeza hadi inakera.

Kwa waliokwishapigwa: msifute meseji wala muamala. Namba yake itumeni kwenda 15040, ambako huripotiwa namba za matapeli wa simu, na ukienda polisi nenda na bahasha yenye jina la basi. Elfu tano inaonekana ndogo, ndiyo sababu hakuna aliyeripoti.

Zile mbegu zilizopakwa rangi msiwape kuku, na watoto wasizichezee, kwa sababu hatujui kazipaka nini. Kama kuna mche usioutambua, usiuhamishie shambani. Funga kwenye mfuko, mpelekee bwana shamba wa kata autazame.